Kadirio la Mnada: Tuliamini kwa Kiasi Gani?

(Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa Nyamasaria, Kisumu)



Mada yangu ni sarafu za kale, na zile bei ambazo nyumba za minada hutangaza kabla mnada haujafanyika. Najua mzee mmoja hapo mbele ameshajiuliza: mambo ya London na New York yanatuhusu nini sisi watu wa njia ya Ahero? Yanatuhusu kwa sababu sarafu zenyewe tunazo. Reli ya Uganda ilifika kwenye ufuko huu Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence, na rupia za Kihindi ndizo zilizokuwa fedha ya malipo. Kodi ya vibanda ilidaiwa kwa rupia. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na vijana wa Nyanza wakachukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wakatembea hadi ndani kabisa ya koloni la Wajerumani hapa Afrika Mashariki, kwa hiyo si ajabu leo kukuta kipande cha Kijerumani katika boma la Kolwa au Kano. Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikaingia florini; mwaka uliofuata florini nayo ikaipisha shilingi ya Afrika Mashariki. Kila fedha inapobadilishwa, kiasi fulani hubaki chunguni, au kwenye kisanduku cha bati cha marehemu nyanya.

Sarafu hizo zililala huko miaka mingi bila kusumbua mtu, mpaka simu ilipokuja. Siku hizi hakuna asiyewahi kutumiwa picha ya sarafu yenye maneno kwamba nyumba fulani ya mnada ng'ambo imeikadiria maelfu ya pauni. Mtu anakimbilia kisanduku, anaona inafanana, halali usiku. Asubuhi anaanza kugombana na ndugu zake juu ya mali ambayo bado haijauzwa, na pengine haitauzwa.

Basi tuulize maswali matatu. Kadirio ni kitu gani? Anayelitoa anatafuta nini? Na ni wakati gani tunaweza kuliamini? Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nikiendelea. Kadirio la mnada ni mwaliko wa biashara. Ushahidi wa thamani ni bei iliyokwisha kulipwa hadharani, kwa sarafu ya aina ileile na hali ileile. Kadirio huaminika kwa kadiri linavyosimama juu ya bei za namna hiyo, wala jina la nyumba iliyolitoa haliwezi kuziba pengo hilo.

Namba mbili na ya tatu iliyofichwa

Katika kitabu cha mnada, chini ya picha ya kila sarafu, mara nyingi huandikwa namba mbili: ya chini na ya juu. Wataalamu wa nyumba hiyo wanasema, kwa maoni yao, nyundo itagonga katikati ya hizo mbili. Ni maoni, na masharti ya mnada, yale ya maandishi madogo nyuma ya kitabu, husema wazi kwamba si ahadi.

Kuna namba ya tatu ambayo haichapishwi. Ni bei ambayo mwenye mali na nyumba ya mnada wamekubaliana kwamba chini yake sarafu haiuzwi. Kwa desturi ya biashara hiyo, bei hii ya siri haivuki ile namba ya chini ya kadirio. Kwa hiyo namba ya chini ina habari ndani yake: inatuonyesha takriban mahali ambapo mwenye mali ataanza kukubali. Namba ya juu haina mzigo kama huo. Hakuna anayedaiwa chochote isipofikiwa.

Hata hivyo, watu wetu huishika ya juu na kuisahau ya chini. Mtu aliyesoma "elfu arobaini hadi elfu sitini" atarudi nyumbani akisema ana sarafu ya elfu sitini.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Anayekadiria ndiye anayeuza, na hapo ndipo penye mtego. Nyumba ya mnada hupata riziki yake kwa asilimia ya mauzo, na inavutwa pande mbili. Ikitaka mwenye mali aikabidhi sarafu yake badala ya kuipeleka kwa mshindani, itampandishia kadirio ili moyo wake ufurahi. Sarafu ikishaingia kabatini mwao, wanataka wanunuzi wengi wajitokeze, na kadirio la chini ndilo linalowaita. Mnunuzi akiona namba ndogo husema "labda nitaipata", na akishainua mkono mara ya kwanza ni vigumu kuushusha. Kwa hiyo hata bila uongo wa mtu yeyote, namba ile imepimwa kwa maslahi. Methali yetu imeshasema: mwamba ngoma huvutia kwake.

Wasomi wameliangalia jambo hili, na haki inataka nitaje pande zote. Orley Ashenfelter, mchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliandika mwaka 1989 kuhusu minada ya mvinyo na sanaa, akaona kwamba kwa wastani makadirio hayako mbali na bei zinazopatikana. Mwaka 2005 Jianping Mei na Michael Moses walichunguza michoro iliyouzwa zaidi ya mara moja, wakakuta kwamba kwa ile ya bei kubwa makadirio yalikuwa yamevutwa juu, na wanunuzi walioyaamini walipata faida ndogo baadaye. Wote hao walikuwa wakichunguza mvinyo na sanaa, lakini biashara ya sarafu inaendeshwa kwa kanuni zilezile, mara nyingine na nyumba zilezile. Tukiwaunganisha, wanatuambia kwamba wastani unaweza kuwa mzuri na wewe bado ukaumia, kwa sababu hukuuza wastani, uliuza sarafu moja.

Tuchukue sarafu iliyotangazwa sana, dola 20 ya dhahabu ya Marekani ya mwaka 1933, iliyowahi kuwa mali ya Mfalme Farouk wa Misri. Julai 2002 iliuzwa New York kwa kadirio la dola milioni 4 hadi 6. Ikatangazwa kwamba imepata dola 7,590,020. Juni 2021 nyumba ya mnada ya Sotheby's iliipeleka tena mnadani, kadirio milioni 10 hadi 15, ikalipiwa milioni 18.87. Mara mbili wataalamu wamepitwa na sarafu moja. Mtu akisikia hivyo atasema: kumbe wanakadiria chini daima, yangu itapita pia!

Asiseme haraka. Kuna dola ya fedha ya mwaka 1794 iliyouzwa Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10, ikawa gumzo la dunia. Oktoba 2020 ilirudishwa mnadani Las Vegas. Wanunuzi hawakuifikia bei ya siri, ikarudi kwa mwenyewe. Sarafu ilikuwa ileile, na sifa zake zilikuwa zimeongezeka. Kilichokosekana siku ile ni mtu mmoja mwenye hamu na fedha. Na habari ya sarafu isiyouzwa haisambai kwenye simu. Tunazoona ni zile zilizopaa tu.

Hesabu ya nyundo

Hebu turudi kwenye ile dola 7,590,020, maana kila tarakimu yake ina hadithi. Nyundo iligonga milioni 6.6. Juu yake mnunuzi akalipa ada ya asilimia 15, yaani dola 990,000. Jumla milioni 7.59. Zile dola 20 za mwisho zililipwa serikali ya Marekani ili kipande hicho kihesabiwe kuwa fedha halali, kwa sababu hakikuwahi kutolewa rasmi.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalioni. Kadirio huwekwa kwa bei ya nyundo, bila ada. Matokeo yanayotangazwa magazetini huwa na ada ndani. Ukiyalinganisha yalivyo, kila mnada utaonekana umevuka makadirio yake. Ada hii ya mnunuzi ilianza kutozwa na nyumba kubwa za London mwaka 1975, na tangu hapo imepanda.

Sasa tuivute hesabu hiyo mpaka Nyamasaria. Tuseme, kwa mfano tu, sarafu yako imekadiriwa shilingi 40,000 hadi 60,000, na nyundo ikagonga 40,000. Ikiwa ada ya mnunuzi ni asilimia 20, yeye atalipa 48,000, na hiyo ndiyo bei utakayoiona imechapishwa. Wewe muuzaji, ukikatwa kamisheni ya asilimia 15, unabaki na 34,000. Toa gharama ya picha, bima, posta na benki. Kati ya sitini uliyoiota na ulichoweka mfukoni, karibu nusu imeyeyuka, na hakuna aliyekuibia. Ndivyo biashara ilivyo. Anayekuonyesha kadirio bila kukuonyesha makato amekupa nusu ya habari.

Sarafu zetu

Ninazo hapa sarafu chache, mtapitishiana baadaye. Tuanze na hii ya senti 10 ya Afrika Mashariki, mwaka 1936. Ina tundu katikati. Watu walizitunga kwenye kamba. Juu ya tundu kuna taji, na upande wa pili pembe za ndovu zimelizunguka. Ukisoma maandishi ya ukingoni utaona jina la Edward wa Nane. Mfalme huyu alitawala kuanzia Januari 1936 hadi Desemba mwaka huohuo, akajiuzulu bila kuvishwa taji. Kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyotolewa rasmi itumike. Huku kwetu sarafu zenye tundu hazikuhitaji sura, zilihitaji jina tu, kwa hiyo zilipigwa na kutumika.

Kwa hadithi hiyo mtu ataapa kwamba ameshika utajiri. Lakini zilipigwa kwa mamilioni, London na kwenye viwanda viwili vya Birmingham, ambavyo alama zake ni H na KN. Hadithi ni adimu, sarafu si adimu. Ikiwa imechakaa, wakusanyaji huiuza kwa bei ndogo ndani ya mafungu. Kwa sarafu ya namna hii kadirio la mnada linaaminika sana, na linachosema ni kwamba usitarajie makubwa.

Ya pili ni picha tu, sina fedha ya kuwa nayo. Ni rupia 15 ya dhahabu ya mwaka 1916, iliyopigwa na Wajerumani katika karakana ya reli Tabora baada ya bahari kuzibwa na manowari za Waingereza. Ina tembo mwenye mkonga uliopanda, na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,198. Ni chache kiasi cha kuwa ghali, na ni nyingi kiasi cha kuonekana mara kwa mara kwenye minada ya Ujerumani na kwingineko. Mkadiriaji ana rekodi mbele yake, na mnunuzi anayo ileile. Tena ina gramu 7 na ushei za dhahabu ya robo tatu, kwa hiyo haiwezi kushuka chini ya thamani ya dhahabu yake. Hapo nako kadirio lina miguu.

Lakini karakana ileile, mwaka uleule, ilipiga pia sarafu za heller 20 za shaba na za shaba nyeupe, zenye herufi ileile T ya Tabora. Hizo zilitoka kwa wingi na bei yake ni ya chini kabisa ukilinganisha. Kijana akisoma kwenye simu "1916 T, Tabora, maelfu ya euro", kisha akakuta kwenye kisanduku cha babu "1916" na "T", ataona vinafanana. Kadirio halikusema uongo. Lilikuwa la sarafu nyingine.

Ya tatu ni riyali za dhahabu za Sultani Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Hizi huonekana mara chache mno. Hapa mtaalamu hana mfululizo wa bei wa kuegemea. Ana kumbukumbu ya mauzo machache, pengine ya miaka mingi iliyopita. Atakachoandika ni ubashiri wa mtu mwenye elimu. Bei inaweza kuwa maradufu ya kadirio au isipatikane kabisa, na pande zote mbili hakuna wa kulaumiwa.

Kanuni inayozifunga zote tatu wauza samaki wa Dunga wanaijua bila kuisoma. Bei ya ngege hakuna anayeweza kukudanganya, kwa sababu kila asubuhi anauzwa mbele ya macho ya watu. Kitu kinachouzwa mara moja kwa miaka kumi hakina bei ya soko, kina bei ya siku ile.

Na kabla sijaiacha sehemu hii, neno juu ya hali ya sarafu. Tangu miaka ya 1980 kampuni za Marekani kama PCGS na NGC hupima hali kwa alama 1 hadi 70 na kuifunga sarafu kwenye kasha la plastiki. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana bei mara kumi au zaidi kwa alama chache tu. Kina mama, nawaomba: msiisugue sarafu ya kale kwa jivu wala kwa waya wa kusugulia sufuria. Itang'aa, ndiyo. Lakini mkusanyaji akiona mikwaruzo ile anaiweka chini, na kadirio lote mlilolisoma linakuwa halihusiani tena na kilicho mkononi mwenu.

Nani anamlinda nani?

Kuna wanaosema: nyumba kubwa haiwezi kuhatarisha jina lake. Lakini mwaka 2000 iligundulika kwamba nyumba mbili kubwa, Sotheby's na Christie's, walikuwa wamekula njama kupanga kamisheni. Walikubali kulipa wateja wao dola milioni 512, na mwenyekiti wa zamani wa Sotheby's, Alfred Taubman, akafungwa. Oktoba 2020 nyumba ya Roma Numismatics ya London iliuza sarafu ya dhahabu ya Kirumi iliyopigwa mwaka 42 kabla ya Kristo kuadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar. Kadirio lilikuwa pauni 500,000. Nyundo ikagonga milioni 2.7, na kwa ada ikawa milioni 3.24. Januari 2023 mwenye nyumba hiyo alikamatwa New York kwa sababu historia ya umiliki wa sarafu ilikuwa ya kubuni, na Machi mwaka huo sarafu ikarudishwa Ugiriki. Aliyenunua kwa nyundo ya zaidi ya mara tano ya kadirio alikuwa amenunua mali isiyo na njia halali.

Angalieni tofauti na sheria yetu ya ardhi. Benki ikitaka kunadi shamba lako, kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaitaka kwanza ifanye uthamini. Na ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Huko kuna mthamini mwenye leseni, kuna kipimo, na kuna mahakama. Sarafu haina ulinzi wa namna hiyo. Anayekadiria ni muuzaji mwenyewe, na akikosea hakuna kifungu cha kumshika.

Sheria ipo upande mwingine, na wengi hawaijui. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Ile rupia ya Mombasa ya 1888 yenye mizani, ya Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Uingereza, inaingia humo. Mtu anayekuambia uifunge kwenye soksi uitume ng'ambo kwa sababu imekadiriwa vizuri anakuingiza matatani.

Na hatari ya karibu zaidi ni tapeli asiye na nyumba yoyote ya mnada. Huyu hukutumia kadirio la kweli la sarafu ya kweli, kisha anakuomba ada ya tathmini kwa M-Pesa, halafu ada ya usajili, halafu ya forodha. Silaha yake ni ileile namba ya juu. Nyumba halali hukata ada zake kwenye mauzo. Haiombi utume nauli kwanza.

Tufanyeje?

Ukiwa na sarafu ya kale, jua kwanza ni ipi: nchi, mwaka, herufi ya kiwanda, madini. Iache ilivyo, usiisafishe. Tafuta bei zilizolipwa, na uzitafute kadhaa, za sarafu ya hali kama yako, ukiondoa ada. Ukikosa hata tatu, jua kwamba yeyote anayekutajia bei anabahatisha pamoja nawe. Ukikadiriwa, uliza namba ya chini na makato, kisha fanya hesabu kwa hizo. Pata maoni ya watu wawili wasiojuana, mmoja wao asiwe mnunuzi. Na ikiwa ni ya kabla ya 1895, njia ya Makumbusho ya Kisumu mnaijua, ipo barabara hii hii ya kwenda mjini.

Ile shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Rais Kibaki, ambayo vijana wananiuliza kila mara, ilitolewa kwa miaka 40 ya uhuru. Sarafu mpya zisizo na sura za watu zilipozinduliwa Desemba 2018, Benki Kuu ilisema za zamani zitaendelea kutumika. Itunzeni kama kumbukumbu, msiiuzie shamba.

Hukumu yangu ndiyo hii. Makadirio ya minada si utapeli, na wanaoyaandika wengi wao wanajua kazi yao. Yanaaminika kwa sarafu zinazouzwa mara nyingi, yanayumba kwa sarafu adimu, na hayana maana yoyote kwa sarafu ambayo mkadiriaji hajaishika mkononi. Msigawane urithi kwa kadirio, msikope kwa kadirio, wala msigombane na ndugu kwa kadirio. Subirini nyundo igonge na fedha ziingie, ndipo mzihesabu.